Njaa Kwenye Jamvi la Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Mlangale, alitawala mfalme jina lake Sultani Zahidi. Maana ya zahidi ni mtu aliyeipa dunia kisogo, na hapo ndipo unapoona kuwa wazazi hutoa majina kabla ya kuwajua watoto wao. Huyu hakuipa dunia kisogo hata siku moja. Aliikumbatia kwa mikono miwili, na mikono ilipopungua aliazima ya watu. Neno lake ndilo lililokuwa sheria, na akiamka na neno jingine, lile la jana likawa si sheria tena. Hakuwa na wa kumwambia la, kwa maana wote waliowahi kumwambia la walikwisha hamia miji mingine, na baadhi yao walihamia chini ya udongo.

Basi ikawa Sultani wa mji wa jirani alichonga siwa mpya ya pembe, ndefu kupita siwa ya Mlangale. Siwa ndiyo baragumu ya enzi, nayo haipulizwi ila kwa amri ya mfalme au kwa arusi yake au kwa maziko yake. Sultani Zahidi aliposikia habari hiyo hakupata usingizi. Akaagiza pembe kutoka bara, akaita mafundi, ikachongwa siwa ya kubebwa na watu wanne na kupulizwa na wa tano, na sauti yake ilikuwa ya ng'ombe aliyevimbiwa. Jirani akarefusha yake, na Zahidi akarefusha yake. Mwisho siwa ya Mlangale haikupita tena mlangoni mwa kasri, ukuta ukabomolewa ili iingie, na ukuta ulipokwisha bomolewa Sultani akaona afadhali ajenge kasri jipya, kwani si adabu siwa kulala pazuri kuliko mwenyewe. Hazina ikakauka, naye akaenda kukopa kwa Mwinyi Hatibu.

Mwinyi Hatibu alikuwa mkuu wa mamwinyi, yaani wale mabwana wa mashamba na maghala ambao tangu enzi za mababu hawakutozwa kodi hata ya kibaba cha mtama. Sababu, walisema, ni kwamba babu zao walimshikia Sultani wa kwanza mwavuli siku ya mvua. Mvua yenyewe ilianuka zamani, lakini msamaha wake ulikuwa bado unanyesha. Kwa hiyo wenye mali hawakulipa, na waliolipa hawakuwa na mali. Hata mimi nisiyejua hesabu naona mambo hayo yangeishia wapi, ila Sultani hakuona, kwa kuwa aliyapa kisogo mambo mawili tu duniani, hesabu na mvua.

Alipobanwa na deni akaweka kodi ya milango. Watu wakaziba milango wakawa wanaingia nyumbani kwa madirisha, na wanene wakawa wanasukumwa na majirani. Akaweka kodi ya moshi, watu wakazima meko wakala mihogo mibichi. Akaweka kodi ya majogoo. Siku ile mji mzima ulinukia mchuzi, na kesho yake hakuna aliyeamka kwa wakati, hata muadhini. Kila kodi mpya ilimwacha Sultani maskini zaidi, na watu wake nao vivyo hivyo, na aliyenenepa ni Mwinyi Hatibu peke yake.

Sasa ndani ya mji huo, katika Mtaa wa Mabondeni, uliokuwa fukara kupita mitaa yote, aliishi mtu mmoja aitwaye Shaweji, msuka makuti. Alikuwa hana kitu ila mke, watoto, na ulimi. Nyumba yake mwenyewe ilivuja, kama ilivyo ada ya waezekaji. Watu wengine walimwona mwehu na wengine walimwona mjanja, naye aliwaacha wakabishana, kwa kuwa hakutozwa kodi kwa lolote kati ya hayo mawili.

Siku moja Shaweji alikuwa juu ya paa la jiko la kasri, ameitwa kuliezeka kwa malipo ya shukrani za mfalme, ambazo hazichemki chunguni. Chini yake uani Sultani alikuwa ameketi na Waziri wake na Mwinyi Hatibu, nao watoza kodi wakaja mikono mitupu, wakasema kwamba huko Mabondeni wao wamepekua hata mivunguni na hawakupata kitu. Mwinyi Hatibu akasema kwa upole kwamba ikiwa watu wale hawana kitu, basi hawana haja ya nyumba pia. Apewe yeye mtaa ule ajenge maghala, na sehemu ya deni itafutika. Sultani akakasirika, si kwa ajili ya Mabondeni, bali kwa kuambiwa kuwa pana mahali katika nchi yake pasipo na kitu.

Akasema, "Hakuna nyumba isiyo na kitu. Nchi hii ni mimi, na mimi sina upungufu."

Hapo Shaweji akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka kama kuti linavyomponyoka mtu juu ya paa, na kikaangukia pale pale mbele ya mfalme. Akateremshwa upesi kuliko alivyopanda, na Waziri akamuuliza anacheka nini.

"Maulana, Mungu akuweke," akasema Shaweji, goti chini. "Nimecheka kwa furaha, kwa sababu umenena kweli. Kila nyumba ina kitu. Huko kwetu Mabondeni kuna kitu kimezidi hata hatuna pa kukiweka. Tunalala nacho na kuamka nacho."

Macho ya Sultani yakang'aa. Waziri alitaka kuuliza ni kitu gani, lakini Sultani hakuuliza, kwani mfalme ajuaye yote hawezi kuuliza, na Waziri hawezi kuonekana hajui lile ambalo bwana wake analijua. Basi Sultani akatoa amri papo hapo: kila nyumba ya Mlangale, pasipo kubagua, italipa kodi kwa kile kilichozidi ndani yake, na kila siku kitakapozidi kiletwe. Siwa ikapulizwa, ng'ombe akalia mji mzima. Kisha Sultani akamwambia Shaweji kuwa yeye ndiye atakayeleta kodi ya Mabondeni siku ya Ijumaa, na ikiwa hataileta, mtaa wote utabomolewa Jumamosi, na maghala ya Mwinyi Hatibu yataanzia hapo palipo kitanda chake.

Shaweji akarudi nyumbani miguu mizito. Masihara yamwue mtu mwenyewe, hilo ni sawa, ndiyo gharama ya masihara. Lakini haya yalikwenda kuwaangukia majirani zake, na moyo ulimuuma kwelikweli. Akamwambia mkewe, Mwanashungi, yote yalivyokuwa. Mwanashungi alikuwa akiwabembeleza watoto walale bila chakula, kazi ambayo humfanya mtu asiwe na maneno mengi ya utamu.

"Huo ulimi wako ungekuwa kuti, ningekwisha uchanachana zamani," akasema. "Kitu gani kimezidi hapa, baba watoto? Njaa? Basi ipeleke hiyo njaa huko jamvini kwake, maana huko kitu kikifika hakirudi. Angalau tutapumua."

Na hapa sharti nieleze habari za jamvi, kwani ni mambo ya Mlangale peke yake. Kodi yote ya mji ilipokelewa juu ya jamvi kubwa lililotandikwa uani mwa kasri. Zamani babu yake Sultani Zahidi alikuwa mtu wa huruma. Watu walikuwa wakileta mbuzi asubuhi, wakija kulia alasiri, naye akiwarudishia. Alipoona anafilisika kwa machozi ya watu, akaapa mbele ya mji, yeye na kizazi chake, kwamba kilichokanyaga jamvi hakirudi kilikotoka. Hiyo ndiyo sheria pekee ambayo hata Zahidi hakuthubutu kuigusa, kwa maana angeigusa, kila aliyewahi kulipa angekuja kudai chake.

Shaweji aliposikia maneno ya mkewe akacheka mpaka watoto wakaamka. Akatoka akapita nyumba kwa nyumba, akawaambia majirani waje kasri siku ya Ijumaa, na tangu Alhamisi wasile kitu. Majirani wakamjibu kwamba hilo si jambo la kufundishwa.

Ijumaa ikafika. Sultani akaketi kitini, mwavuli juu yake, Waziri kulia na Mwinyi Hatibu kushoto, na nyuma yao matarishi wenye magunia matupu ya kupakilia mali. Mabondeni wote wakaja, wazee kwa vijana. Wa kwanza kukanyaga jamvi akawa Bi Mashavu, kikongwe aliyejulikana mji mzima kwa kula, ambaye siku hizo mashavu yalikuwa yamebaki katika jina tu. Akaketi, akanyoosha miguu, akatulia.

Sultani akaamuru kodi ionyeshwe.

"Imo ndani yake, Maulana," akasema Shaweji. "Tumeleta njaa. Ndiyo iliyozidi kwetu. Huyu bibi ni kapu tu, na makapu mengine haya hapa nyuma yangu yamejaa hadi shingoni."

Mwinyi Hatibu akakohoa. Sultani akasema huu ni utovu wa adabu, na watu hawa waondoke mara moja.

"Wataondoka, Maulana, wewe ukisema," akajibu Shaweji. "Lakini wakiondoka sasa, njaa itaondoka ndani yao, itarudi kule kule Mabondeni ilikotoka, na kiapo cha marehemu babu yako kitakuwa kimevunjika. Kikivunjika kwa njaa kimevunjika kwa mbuzi pia. Na watu waliolipa mbuzi mwaka jana ninawaona pale langoni wamesimama wanasikiliza."

Sultani akatazama langoni, akaona kweli wapo, na wengine wamekuja na kamba za kufungia. Akamtazama Waziri, na Waziri akatazama mwavuli.

"Basi mimi nichukue njaa yangu vipi kutoka ndani ya kapu?" akauliza Sultani, na lilikuwa swali la kwanza aliloliuliza tangu atawazwe.

"Mpishi anajua," akasema Shaweji.

Basi wali ukapikwa. Watu wa Mabondeni wakala, na Bi Mashavu akala kana kwamba analipa na malimbikizo ya miaka iliyopita. Kila aliyeshiba alisimama akasema kwa heshima, "Maulana, mali yako hiyo imepokelewa," akatoka na kapu lake tupu. Sultani, ambaye hakuwa mtu mbaya mwenye kufikiri bali mtu mbaya asiyefikiri, akajikuta anatabasamu. Akasema Shaweji amempata, mtaa umepona, na yamekwisha.

Hayakwisha. Asubuhi yake Mabondeni walikuwa jamvini tena, maana amri ilisema kila siku kitakapozidi kiletwe, na njaa ina tabia hiyo. Siku zilizofuata mitaa mingine ikasikia, nayo ikaona kwamba hata kwao kimezidi kitu hicho hicho. Wavuvi wakaja, na wachoma chokaa, na wasusi wa mikeka. Watu ambao walikuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa babu zao wakajikuta wanakula sinia moja. Kisha askari wa kasri, ambao walikuwa hawajapata mshahara tangu siwa ya pili, wakaegemeza mikuki yao ukutani, wakavua viatu, wakaketi jamvini. Kapteni wao akasema kuwa yeye pia ni nyumba ya Mlangale.

Ghala la Sultani likaisha. Akapeleka watu kwa Mwinyi Hatibu kuomba mchele, na Mwinyi Hatibu akarudisha jibu kwamba mchele upo mwingi, lakini mamwinyi hawatozwi, na kuhusu kukopesha, angependa kwanza aone deni la zamani linalipwa. Sultani akaapa atawatoza kwa nguvu. Wakamjibu kwamba msamaha wao hauwezi kuondolewa ila na baraza la mitaa yote, ambalo halijaitwa tangu enzi za babu wa babu yake, na walisema hivyo wakijua fika kwamba hakuna mfalme mwenye akili atakayewaita watu wote pamoja awaombe rai. Ndipo walipokosea, kwa kuwa walimhesabia mfalme wao akili.

Akaliita.

Desturi ya baraza hilo ilikuwa kila mtaa ukae juu ya jamvi lake na kuhesabiwa sauti moja, na mamwinyi walikuwa wamekwisha nunua majamvi ya ziada ili wahesabiwe sauti nyingi. Lakini watu walipoingia uani hawakuangalia majamvi mapya. Walikwenda moja kwa moja kuketi juu ya lile kubwa walilozoea kulia wali, wote pamoja, bega kwa bega, na hakuna aliyeweza kusema tena huyu wa mtaa gani. Mwinyi Hatibu akaketi peke yake katikati ya majamvi yake mapya mazuri. Walipoulizwa kama msamaha wa mamwinyi uondoke, jibu lao liliruka ukuta likasikika hadi kwa yule Sultani wa jirani.

Sultani Zahidi akafurahi. Lakini Mwinyi Hatibu akasimama akasema vema, yeye atalipa kodi kama watu wote, ila kwanza Sultani amlipe deni lake leo hii, mbele ya mashahidi hawa. Na kama hana, basi apewe ile Mabondeni. Sultani akageuka huku na huku, hakuona kingine cha kutoa. Watu waliona uso wake unavyotafuta, kisha wakaona umepata.

"Mabondeni ibomolewe kesho," akasema. "Pulizeni siwa."

Wabeba siwa hawakusogea, walikuwa wameketi jamvini. Mwanashungi akamshika Shaweji mkono kwa nguvu, na safari hii hakumkanya kuhusu ulimi. Shaweji akasimama.

"Maulana," akasema, "imebaki nyumba moja haijalipa kodi."

"Ipi?"

"Amri yako ilisema kila nyumba ya Mlangale, pasipo kubagua. Kasri ni nyumba ya Mlangale au si nyumba ya Mlangale? Ikiwa si ya Mlangale, basi aliye ndani yake ni mgeni, na mgeni habomoi nyumba za watu. Ikiwa ni ya Mlangale, ilipe kama zetu zilivyolipa, kwa kile kilichozidi ndani."

Sultani akacheka kwa uchungu. "Kimezidi nini humu, we Shaweji? Fedha hakuna. Mchele hakuna. Mimi mwenyewe sijala tangu jana mchana."

"Amri, Maulana," akasema Shaweji. "Humu ndani amri zimezidi. Zimezidi mpaka zimetoka nje, zikaingia vyunguni mwetu na mabandani mwa kuku. Kodi ya nyumba hii ni amri."

Kapteni wa askari, kwa mazoea, alinyoosha mkono kuutafuta mkuki wake, akakumbuka kwamba uko ukutani, akaurudisha mkono pajani. Waziri akaukunja mwavuli polepole. Sultani Zahidi akautazama uso mmoja mmoja pale jamvini, na huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kwamba nyuso zile zilikuwa nyingi hivyo. Alikuwa na njaa, alikuwa na deni, na alikuwa amechoka na siwa ambayo hata yeye hakuipenda sauti yake. Akaanza kucheka tena, safari hii kicheko cha kweli, kicheko cha mtu anayetuliwa mzigo asioujua. Akavua makubadhi yake ya dhahabu, akashuka kitini, akakanyaga jamvi, akaketi.

Na kilichokanyaga jamvi hakirudi kilikotoka. Amri za Mlangale zikawa za baraza tangu siku ile. Neno la kwanza lililoamuliwa na baraza ni kwamba Mabondeni itabaki palipo, na la pili kwamba deni la Mwinyi Hatibu litalipwa kwa pembe: siwa ikakatwa vipande, akapewa vyote, na kama hakupata wa kumuuzia, hilo ni shauri lake. Kuna watu waliosema Sultani afukuzwe mjini. Bi Mashavu akakataa; akasema kapu likishatolewa kilichomo, hurudishwa kwa mwenyewe, ndivyo walivyofanyiwa wao. Basi wakamwachia chumba kimoja katika kasri lake, na vilivyobaki wakavifanya maghala ya mtama wa mji.

Mwanashungi akaleta sinia la muhogo na samaki, akamwekea Zahidi mbele yake, naye akala kwa mkono kama watu wote, akala mpaka tonge likamkaba kooni. Akainua kichwa, akasema kwa sauti ile ya zamani iliyokuwa ikitikisa kuta:

"Maji!"

Hakuna aliyeondoka mahali pake. Watu waliendelea kutafuna. Shaweji akayatazama makuti ya paa la jiko, akaona kumbe pana mahali aliacha tundu. Zahidi akasubiri, akakohoa, machozi yakamtoka, akawatazama tena wale watu.

"Jamani," akasema taratibu, "naombeni maji."

Wakasimama watu zaidi ya kumi kwa pamoja kwenda mtungini, wakagongana vichwa.